Kinyesi cha Ndama wa Nyantende

...thelathini na moja, thelathini na mbili, na yai hili la mnyoo nalo liko ukingoni, nusu ndani ya mstari nusu nje, kama mtu aliyechelewa misa akabaki kusimama mlangoni, lihesabiwe au lisihesabiwe, lihesabiwe, thelathini na tatu, na Delphine akabonyeza kidude cha kuhesabia bila kuondoa jicho kwenye darubini, huku nyuma yake, kwenye benchi la maabara, Maman Georgette aliyeteremka na pikipiki kutoka Nyantende asubuhi hiyo anaongea bila kumeza mate, “dokta, ile ndama yangu iko naharisha siku ine sasa, haitake majani, manyoya inasimama kama ya paka yenye kunyeshewa,” ndama yangu, anasema, ndama yangu, tangu lini Maman Georgette akawa na ndama, Delphine amelelewa ua wa jirani na huyu mama, anajua hajawahi kufuga kitu kikubwa kuliko dende, wale simbilisi wake ishirini wanaolia wii wii chini ya meza ya jikoni, na hata hao dende aliwahi kuwaleta hapa, na hata hao walikuwa na minyoo, thelathini na nne... kwani nani hana? Hilo ndilo jambo linalomfurahisha Delphine katika kazi hii, ingawa huwezi kulisema mezani, kwamba kila kiumbe kinachopita hapa kimebeba wageni tumboni, mbuzi wa mama muuzaji wa Kadutu, nguruwe wa paroko, mbwa wa yule boss wa Nguba aliyekuja na gari ya vioo vyeusi akisema mbwa wake anakula nyama ya dukani tu, haiwezekani awe na minyoo, na alikuwa nayo, tena minene, boss akavua miwani, akauliza kwa sauti ndogo, “na mimi, dokta?”, Delphine akauma midomo asicheke, akamwelekeza kwa madaktari wa watu... na siku ile walinzi wa pori walipoleta kinyesi cha sokwe kimefungwa vizuri kwenye majani mapana, alikipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga, akachanganya na maji ya chumvi, akachuja, akangoja mayai yaelee juu, akachungulia, na yalikuwepo, yale yale ya mviringo mrefu yenye ganda jembamba na chembe zilizosongamana ndani, karibu sawa kabisa na ya ng'ombe wa Kavumu, mfalme wa msitu na ng'ombe wa mtu kwenye kioo kimoja huwatofautishi, na minyoo michache haiui, mnyama anaishi nayo, anakula, anazaa, ubaya ni ikizidi, thelathini na nane, thelathini na tisa, na kwa huyu ndama imezidi.

“Unanisikia, dokta?” “Nakusikia, maman, endelea,” na anamsikia nusu tu, maana nusu nyingine imeshapanda mlima wa Nyantende, imepita nyumba ya Maman Georgette, imeingia ua wa pili, ua wenye uzio wa miti ya miyenzi na zizi la ng'ombe mmoja na ndama wake, ua wa Papa Marcellin, baba yake... baba aliyefundisha darasa la sita miaka thelathini na mbili, aliyetangaza kilima kizima kwamba mtoto wake mkubwa anasoma udaktari, mpaka mwaka wa pili Delphine alipohama, akaacha kusoma kutibu watu akaenda kusoma kutibu wanyama, na Pasaka ile mezani, mbele ya shangazi na wajomba, baba akaweka kijiko chini, akasema polepole kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe, “Mimi nilisomesha dokta ya batu, sikusomesha dokta ya mavi,” watu wakacheka, na yeye Delphine akacheka nao, hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba alicheka, kisha akaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi... miaka minane sasa hawasemezani. Siku ya kutetea mémoire yake, tasnifu ya kumaliza masomo, baba alituma habari kwamba ana homa. Kanisani wakati wa kupeana amani anampa vidole viwili, baridi, macho kwenye altare. Arobaini na mbili. “Na ile kamasi iko natoka nayo,” anasema Maman Georgette, “nyeupe hivi, asubuhi zaidi, na mama yake anamulambalamba tu,” na Delphine anajiuliza huyu mama ameona wapi asubuhi hizo zote, “Maman, ni wewe ulichukua hii choo?” “Ni mimi, eh, ni nani mwingine?” haraka mno, benchi likalia, “nilichukua tu, pale chini,” pale chini, sawa, na Delphine ananyoosha mkono wa kushoto, jicho la kulia bado kwenye kioo, anaivuta karibu ile chupa ndogo iliyokuja na kinyesi, iliyokuwa ya haradali, imeoshwa hadi inang'aa, na kwa jicho la kushoto, la pembeni, anaisoma karatasi iliyobandikwa juu yake, ambayo alipoipokea hakuiangalia kwa sababu simu ilikuwa inalia... Ndama jike. Miezi minne. Imekusanywa saa 5h40 alfajiri, ikiwa bado ya moto, kabla ya kugusa udongo. Imewekwa kivulini. Na kila mstari umepigiwa mstari chini, kwa wino mwekundu, na ile herufi ya “d” yenye mkia unaorudi nyuma, ambayo watoto wa kilima kizima waliiga kwa kuogopa fimbo ya mwalimu.

Maman Georgette hajui kuandika.

Delphine hakugeuka, kidude mkononi kimesimama, arobaini na mbili au arobaini na tatu, sijui, Mungu wangu, baba, mzee wa miaka sabini na moja na goti lake bovu, amesimama nyuma ya ndama kabla jua halijatoka, na tochi mdomoni labda, na mfuko wa plastiki mkononi, anangoja, anangoja mavi yaanguke ayadake hewani kama mtu anayedaka mpira, kabla ya kugusa udongo... na nani alimwambia kabla ya kugusa udongo? Nani alimwambia kivulini, na saa iandikwe? Jamani, hakuna mtu anayefanya hivyo, wakulima huleta kwenye jani, mfukoni, kwenye kopo la maziwa pamoja na siafu, ni yeye Delphine mwenyewe alisema maneno hayo, kwa mpangilio huo huo, mwezi uliopita, Jumatano, kwenye redio, kile kipindi cha wafugaji ambacho aliamini kinasikilizwa na mlinzi wa redio peke yake, alisema, ikusanyeni ikiwa ya moto, isiguse udongo, ikae kivulini, andikeni saa... kwa hiyo alisikiliza. Alisikiliza na kalamu mkononi. “Dokta, mbona unatikisika? Unalia?” “Nacheka, maman.” “Unacheka nini mule ndani?” “Minyoo.” Na ilikuwa kweli, anacheka minyoo, anacheka Pasaka ile na vidole viwili vya kanisani, anacheka hadi kioo kinajaa ukungu wa pumzi yake na mayai yote yanapotea.

“Itakufa?” anauliza Maman Georgette, na sauti safari hii si ya mtu mwenye dende, ni ya mtu aliyetumwa asirudi bila jibu. “Haikufe. Ni minyoo mingi, iko na dawa ya kunywesha, lakini lazima niione, nipime uzito wake. Kesho nakuya mwenyewe.” “Kwangu?” “Kwa mwenye ndama.” Maman Georgette akacheka puani, akasema chinichini, “Mi nilimuambia atajua. Akakataa, eti, huyu mutoto anaangaliaka mavi tu, haangalie karatasi,” na wote wawili wakacheka sasa, na mvua ikaanza kwenye bati, na Delphine, jicho lake palepale, akafikiria kesho, ua ule, hatataka baba amwombe msamaha, hapana, hatataka neno lolote, atampima ndama, atamnywesha dawa, halafu Papa Marcellin ataleta beseni la maji na kipande cha sabuni, jinsi watu wa kilima wanavyomletea dokta akimaliza kazi, atalishika mwenyewe kwa mikono yote miwili, na Delphine atanawa polepole, hatakuwa na haraka hata kidogo.