Koti la Mzee Ettore

Mzee Ettore alizikwa Machi, kwao Italia. Mimi nilibaki hapa Doha. Naandika haya nisije nikasahau jinsi alivyokubali kula tena.

Nilimtunza nyumbani kwa bintiye, Chiara, kule Abu Hamour. Julai iliyopita nilimwomba Wesley, mlinzi wa kompaundi yetu, atuingizie mtungi wa maji. Mzee alipoona yale magwanda yake ya ulinzi alijibana ukutani, akalia. Tangu hapo hakutia kitu kinywani. Daktari akasema asipokula kufikia kesho, atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani.

Chiara ndiye aliyenieleza. Mwaka 1943 serikali yao ilipatana na maadui, na Wajerumani, waliokuwa wenzao vitani, wakaanza kuwakamata askari wa Italia. Askari wakawa wanakimbilia makwao, na wanavijiji wakiwapa nguo za raia. Mama yake Ettore aligawa kila shati la nyumbani. Mwanawe mkubwa, Pietro, alipofika, kabati lilikuwa tupu. Akaondoka na magwanda yake, asirudi tena. Ettore alikuwa na miaka saba.

Jioni nikamfuata Wesley getini.

"Vua shati tu, uvae nguo ya mzee."

"Damaris, wewe! Supavaiza akinikuta bila yunifomu, utanilisha?"

"Chapati kila Ijumaa."

"Na maharagwe?"

"Na maharagwe. Twende, ndugu yangu, basi lenu halijafika."

Mzee alimchagulia nguo mwenyewe: koti zito la sufu, la baridi ya kwao. Alimfunga vifungo vyote hadi shingoni. Jasho lilimtiririka Wesley. Nje basi la kuwarudisha wafanyakazi mtaani kwao Al Rayyan likapiga honi, likapiga tena, likaondoka. Wesley hakugeuza kichwa.

"Anasema nini?" aliuliza, mzee alipomwambia jambo kwa Kiitaliano.

"Upite mashambani," Chiara akajibu. "Usikaribie stesheni."

"Mwambie sawa, mzee wangu. Nitapita mashambani."

Mzee akaketi. Nikamchovyea mkate kwenye supu, akala nusu, polepole. Nusu nyingine aliifunga kwa kitambaa, akamtilia Wesley mfukoni, ya njiani.

Wesley akatoka kwenda kutafuta teksi. Joto lilikuwa la kukata pumzi. Nilidhani angelivua koti pale pale getini, lakini alitembea nalo hadi mwisho wa barabara, vifungo vyote vimefungwa, kwa sababu mzee alikuwa amesimama dirishani.