Ubao wa Kadi za Rangi

Programu hiyo ilizaliwa kwenye meza ya kulia chakula. Dada mtu alikuwa mwalimu wa historia aliyepoteza macho angali mdogo. Mdogo wake wa kiume alikuwa fundi wa programu, na alikuwa amechoka kumsomea majibu ya wanafunzi waliodhani kila vita duniani ilianzishwa na mtu mmoja. Akaandika programu ya kusoma kwa sauti chochote kilichoandikwa kwenye kompyuta, kwa Kiswahili cha mtu, si cha mtalii aliyeshuka jana. Kisha akaiachia huria: yeyote aichukue bure, aikague, airekebishe.

Watu wakajitokeza kusaidia. Dada naye akajifunza ufundi kwa kusikiliza, akawa ndiye mgawa kazi. Mwenye lalamiko aliandika barua pepe, Dada akajibu nani atalishughulikia, na kazi ikimalizika aliandika neno moja: imekwisha. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro moja tu. Ulifanya kazi, kwa hiyo hakuna aliyeuheshimu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, bila kufafanua ni mgeni wa namna gani. Aliyekuja alikuwa bwana mmoja aliyestaafu mapema kutoka kampuni kubwa, ambako alisimamia watu waliosimamia watu. Wenzake walimpa jina la Bwana Mpangilio, naye akalipokea kama nishani. Hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, lakini aliposikia kwamba mradi mzima unaendeshwa kwa barua pepe alishika kichwa kwa mikono miwili. Mradi usio na ubao wa kazi, alisema, ni sawa na nyumba isiyo na milango. Hakusema ni nani aliyekuwa ameshindwa kutoka.

Ikaundwa kamati ya kuchagua ubao. Mdogo mtu akapewa cheo cha Mkuu wa Dira, na tangu siku hiyo akaanza kukohoa kidogo kabla ya kuzungumza. Kamati ilikutana kupitia kompyuta, kila mtu kwake, wakionyeshana mbao za kila aina. Huu una rangi nzuri, huu hapa unavutia zaidi, tazameni hiki kidude cha pembeni. Dada alisikiliza "huu" na "hiki" mpaka akachoka, kisha akauliza kama kuna ubao wowote unaosomeka kwa masikio. Bwana Mpangilio alimshukuru sana kwa swali hilo zuri na kuliweka kwenye mambo ya baadaye. Mdogo wake alikohoa, kisha akafungua ubao uliofuata.

Ubao ulioshinda ulikuwa wa kadi za rangi, zinazokamatwa kwa kipanya na kuburutwa kutoka safu moja hadi nyingine: Tutafanya, Tunafanya, Tumefanya. Kadi ikifika Tumefanya, fataki za kuchorwa zililipuka kwenye kioo cha kompyuta. Wanakamati walipongezana kama waliojenga daraja. Anwani ya zamani ya barua pepe ikafungwa.

Katika wiki za fataki, wakili mmoja asiyeona, aliyeitegemea programu hiyo kwa kazi zake zote, aligundua kwamba sauti inaruka mstari kila ukurasa unapogeuka. Aligundua akiwa mahakamani. Alikuwa akisikiliza mkataba wa upangaji kwa kifaa cha sikioni na kumsomea hakimu, na mstari ulioliwa ulikuwa umeanza na neno "isipokuwa". Aliandika kulalamika. Barua ikarudi yenyewe, nakala yake ikageuzwa kadi, naye akaelekezwa kwenye ubao, ambako hakuambulia kitu. Ndipo akampigia Dada simu.

"Mwalimu," alimwambia, "nimesimama mbele ya hakimu nikamfukuza mpangaji ambaye nilikwenda kumtetea."

Hakimu, alieleza, alimwomba kwa upole arudie kusoma, na mpangaji alimtazama kwa namna ambayo hata asiyeona aliihisi.

Dada alijua kwamba kazi ile ina kadi, na kwamba kadi ni yake, kwa sababu Bwana Mpangilio alikuwa amemwandikia kumkumbusha kuwa imekuwa nyekundu, yaani imechelewa. Ujumbe ulipambwa kwa vikatuni, na programu ikamsomea kwa uaminifu: picha, picha, picha.

Hakugombana na mtu. Aliomba tu mkutano unaofuata ufanyike nyumbani kwa mdogo wake, ana kwa ana. Walipokwisha kuketi sebuleni na kompyuta zao magotini, aliwaomba wazime mwanga wa vioo na kuwasha programu yao wenyewe, hiyo wanayoitengeneza. Halafu akamwomba Bwana Mpangilio aichukue kadi ya wakili.

"Kitufe," sauti ikasema. "Kitufe. Picha. Kitufe hakina jina. Picha."

Bwana Mpangilio alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Jasho likamtoka kwapani.

"Kadi imehamishwa," sauti ikamwarifu. Haikusema wapi.

Walipowasha mwanga, fataki zilikuwa zinalipuka. Kadi ya wakili ilikuwa imekaa kwenye Tumefanya.

Bwana Mpangilio akajikuna shavu. "Dada yetu, huu ni ubao wa kupangia kazi tu. Haukukusudiwa..."

"Malizia," mdogo mtu akamwambia.

"Haukukusudiwa wasioona."

"Na programu yetu tumemkusudia nani?"

Safari hii hakukohoa. Kompyuta ya mtu fulani, iliyosahauliwa bila kuzimwa, ikaendelea kutaja vitufe.

Bwana Mpangilio alipendekeza iundwe kamati ndogo ya kulichunguza suala hilo. Hakuna aliyemuunga mkono, hata yeye mwenyewe hakuonekana kuwa na imani na pendekezo lake. Hazikupita siku nyingi akahamia mradi mwingine, na habari zilizotufikia ni kwamba huko wana ubao mzuri sana.

Wengine walipoondoka, mdogo mtu alibaki akikusanya vikombe ambavyo vilikwisha kukusanywa.

"Dada, nisamehe. Nilikusikia siku ile ulipouliza."

"Najua ulinisikia. Ulikohoa."

Mdogo mtu alivuta kiti, wakakaa bega kwa bega. Dada ndiye aliyeipata hitilafu, kwa kusikiliza mistari ya programu kwa kasi ambayo mdogo wake aliisikia kama mlio wa nyuki. Mdogo mtu ndiye aliyeirekebisha. Anwani ya barua pepe ikafunguliwa tena, na kazi zote zikaandikwa kwenye ukurasa mmoja wa maneno matupu, usio na hata rangi moja, unaosomeka kwa macho na kwa masikio.

Wakili aliandika kushukuru. Hakimu alikuwa amemruhusu kuusoma upya mkataba wote kwa programu iliyorekebishwa, na mpangaji bado yumo nyumbani mwake. Katika barua hiyohiyo alilalamika kwamba sauti inakimbia mno ikifika kwenye tarakimu. Dada alimpa mdogo wake kazi hiyo. Hajaimaliza mpaka leo, na hana ubao wa kusingizia.