Kochi la Msusi

Kabla hajaolewa, msusi alikuwa na kochi la buluu, alilolinunua kwa jasho la vidole vyake, kichwa baada ya kichwa. Alilichagua peke yake dukani, bila kumuuliza mtu.

Alipoolewa, vitu vyake vikaanza kupukutika. Mapazia yalishushwa kwa kuwa mama mkwe hapendi maua. Sufuria zikasemwa ni ndogo, za mtu mmoja. Hata sabuni ya kufulia ikawa ile aliyoizoea mume. Akajikaza, akijiambia ndiyo kuishi na watu.

Jumamosi moja alirudi kutoka saluni miguu ikimwaka moto, akiwaza kujitupa kwenye kochi lake tu. Akakuta viti viwili vya mbao vya mama mkwe.

"Kochi liko wapi?"

"Tumempa mdogo wangu. Si unajua anaanza maisha," mume alijibu, macho kwenye televisheni.

"Tumempa? Wewe na nani?"

"Mimi na mama. Jamani, mke wangu, kiti tu ndicho cha kununiana?"

Hakuvua hata viatu. Alitafuta mkokoteni, akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake. Alimkuta amejilaza kwenye kochi, sahani ya maharage kifuani.

"Shemeji, karibu! Asante sana kwa zawadi."

"Inuka. Mimi sijakupa zawadi."

Kijana aliona haya mpaka basi. "Lakini kaka alisema wewe mwenyewe ndiye uliyetaka nilichukue!"

Msusi akashika upande mmoja wa kochi. Shemeji akashika upande wa pili, wakalipakia.

Nyumbani halikuwa na nafasi tena, akalipeleka saluni. Mama mkwe alipiga simu kumsema. Mume alinuna. Tangu hapo, akiulizwa lolote la nyumba, liwe zulia au kitasa, msusi hujibu, "Ulizaneni nyie." Hata hivyo hasira haikumtoka, na kurudi nyumbani kukawa kwa kujivuta.

Jioni moja mume akamfuata saluni. Akaketi kwenye kochi, akanyoosha miguu.

"Kumbe linakalika hivi! Basi tulirudishe nyumbani."

"Kwanza kamwambie mdogo wako kwamba ulimdanganya."

Mume alikohoa, akatazama saa. "Mama anatungoja. Twende tukale."

Msusi alichukua ufagio, akaanza kufagia nywele sakafuni, taratibu, kuanzia kona ya mbali kabisa.