Chungu Kisicho na Mdomo

“Sasa mdomo wake uko wapi?” Leodgar aliuliza, akikigeuzageuza chungu kama mtu anayetafuta kichwa cha kobe.

“Hakina mdomo,” Imakulata alijibu. “Kina huo mwanya tu hapo juu. Hela inaingia, haitoki.”

“Na siku tukizitaka?”

“Tunakivunja. Mchana, watu wote wakiona.”

Leodgar aliangua kicheko, na wanakamati wenzake wa shule ya kigango wakamfuata. Tangu lini mfinyanzi akafinyanga chungu cha kuvunjwa? Imakulata aliwaacha wacheke mpaka waridhike. Udongo ulikuwa umemkaukia hadi kwenye viwiko, na hakuwa na haraka. Vyungu viwili vya kwanza vilikuwa vimempasukia motoni, maana chungu kilichozibwa hivyo hakipumui vizuri. Kwa hiki alisaga vigae vya zamani akavichanganya na udongo, akakikausha kivulini bila papara, ndipo akakichoma kwa moto mpole wa nyasi na magome. Alipokigonga kwa kidole kililia vizuri, naye akajua kimekubali.

“Na kitakaa wapi?” Leodgar aliuliza, akijifuta machozi ya kucheka.

“Nyumbani kwetu.”

Hapo kicheko kilikatika. Mmoja aliguna, mwingine akatazama paa la shule, ambalo nyasi zake zilikuwa zimeoza hata ndege wakawa wanapita watakavyo.

“Kwenu tena, shemeji?” Leodgar alisema.

“Kwetu tena. Si ndiko zilikopotelea?”

Mwaka uliotangulia, hela za mnada wa mavuno alizitunza mumewe, Krispini, katekista wa kigango, ndani ya debe uvunguni mwa kitanda. Krispini alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: neno hapana halikumtoka kinywani. Aliyefiwa alikuja. Aliyesakwa na tarishi kwa kodi ya kichwa alikuja. Mwenye mgonjwa naye alikuja. Kila mmoja aliapa kurudisha akishauza mpunga, na kila mmoja aliomba jambo hilo lisitoke nje. Siku ya kununua mabati ya shule debe lilikuwa jepesi. Krispini alisimama mbele ya watu akasema, “Hela zimepungua, nisameheni,” akaketi, hakumtaja mtu. Tangu hapo akaitwa Mzee Mabati. Walimcheka kwenye pombe, walimcheka mtoni, na waliokopa walicheka pamoja na wenzao ili wasigundulike.

Imakulata aliyajua majina yao yote. Yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka mumewe aitwe tena Krispini, basi, na ikiwezekana kabla mvua hazijaanza.

Mnada ulifanyika Jumapili baada ya misa, na mnadi alikuwa Leodgar, kwa kuwa sauti yake ilivuka mto. Jogoo mmoja mwekundu alinunuliwa, mnunuzi akamrudisha anadiwe tena, akanunuliwa, akarudishwa, mpaka ndege wa watu akaonekana kuchoka. Lakini safari hii Leodgar hakushika hela ya mtu. Kila mnunuzi alitembea mwenyewe hadi kwenye chungu, katikati ya uwanja, akatumbukiza hela zake. Noti zilikunjwa nyembamba. Zile senti zenye tundu katikati, ambazo wengine walikuja nazo zimetungwa kwenye kamba, zilibidi zifunguliwe ziingie mojamoja. Jioni Krispini alikibeba chungu kichwani, akapita nacho katikati ya kijiji bila kumtazama mtu usoni. Gari la mabati lingefika kutoka Mpanda Jumamosi.

Jumatano asubuhi Leodgar alikuja, na safari hii hakuwa na mzaha. Mama mkwe wake alikuwa amefariki kule Kasansa. Sanda huletwa na mkwe, na mkwe anayefika msibani mikono mitupu ni afadhali asifike kabisa.

“Kaka, mpunga wangu bado sijauuza,” alimwambia Krispini, aliyekuwa akikaza mpini wa jembe. “Sina hata senti. Nisaidie kama mwaka jana.”

Macho yake yalikuwa kwenye chungu, karibu na mlango. Krispini naye alikitazama. Imakulata aliona mumewe akiuweka mpini chini, akajua kabisa kwamba moyo wake umeshasema ndiyo.

“Baba Josefina, hili niachie mimi,” alisema. Kisha akamgeukia Leodgar. “Pole sana, shemeji. Hela unazozitaka zimo mle, na jiwe lile pale. Ukikivunja, nitapiga yowe watu waje washuhudie.”

Leodgar aliinamisha kichwa. “Mwaka jana kaka alinilipia kodi. Alinisitiri.”

“Alikusitiri. Na walipomwita Mzee Mabati, wewe ulisema nini?”

Bila kungoja jibu, Imakulata aliingia ndani, akatoka na kitambaa cheupe cha bafta, bado kina mikunjo ya dukani. Alikinunua kwa vyungu vya kiangazi kizima ili Josefina, binti yao, ashonewe gauni la komunyo ya kwanza.

“Chukua ukamzike mkweo,” alisema. “Hiki ni changu, ninaweza kukitoa.”

Leodgar alikipokea kwa mikono miwili, akaondoka. Imakulata alikwenda jikoni akalia, maana kile kitambaa kilimuuma kweli, kisha akajifuta kwa kiganja na kupuliza moto.

Jumamosi honi ya gari ilisikika, na watu wakajaa uwanjani. Mkeka ulitandikwa, chungu kikawekwa juu yake. Mwalimu na wanakamati wawili walikaa tayari kuhesabu. Wengine walikizunguka chungu, wakakipapasa chini na juu, hawakuona hata mkwaruzo. Imakulata akampa mumewe mchi.

Krispini aliuinua.

“Kaka, subiri.”

Leodgar alikuwa akipenya katikati ya watu, vumbi la Kasansa bado miguuni. Alifungua fundo la shuka yake, akapiga magoti mkekani.

“Nimeuza mbuzi,” alisema, kwa sauti ileile ya kunadia jogoo. “Hizi ni za kodi yangu ya mwaka jana. Alinikopesha Krispini kutoka kwenye debe la shule, akanyamaza, na mimi nikanyamaza.”

Senti zilianguka ndani ya chungu mojamoja, na uwanja mzima ukazisikia.

Kisha Bibi Lusia, ambaye mjukuu wake aliugua sana mwaka ule wa debe, alianza kuhangaika na fundo la pembe ya kaniki yake. Nyuma yake mwanamume mmoja alimkabidhi jirani mtoto ili apate kujipekua. Mwingine aligeuka akaondoka mbio kuelekea kwake, akipaza sauti kwamba wamngoje.

Dereva alipiga honi. Imakulata alikwenda dirishani akamwomba azime gari.

Krispini aliushusha mchi, akaketi kando ya chungu, akaulaza magotini. Halafu akasogea kidogo, watu wapate pa kupita.