Mmea wa Baba Mkwe

Fundi cherehani alikuwa na miezi mitano tu tangu aolewe, mama mkwe wake alipokwenda kwa dada yake kufanyiwa upasuaji wa macho. Alimwachia kitu kimoja cha kutunza: mmea mdogo wa majani manene, uliopandwa kwenye kikombe kilichokatika mkono. Ulikuwa wa marehemu baba mkwe. Masharti yake yalikuwa mafupi: usiupende sana, usahau.

Sasa mwambie mkwe mgeni asahau kitu alichoachiwa na mama wa mumewe. Fundi aliuweka dirishani, juu ya cherehani, akaumwagilia asubuhi kabla ya kukaa kushona, akaumwagilia tena jioni akimaliza kufagia vipande vya nguo. Siku ya kumi majani yalilegea kama yaliyochemshwa. Akadhani ni kiu, akaongeza. Watu husema maji yamezidi unga bila kuyaona maji yenyewe. Yeye aliyaona yakichuruzika, na shina likamkatikia mkononi.

Aliogopa, tena sana. Mumewe alimshauri anunue mwingine unaofanana, mama hatajua. Fundi akamuuliza huyo mama asiyejua ni yupi, wakati ndiyo kwanza anatoka kusafishwa macho. Mume akakumbuka ana kazi nje.

Asubuhi ya siku ambayo mama mkwe angerudi, fundi alikuwa akitafuta kifungo cheupe cha shati la mteja kwenye mkebe usio na kifuniko, nyuma ya cherehani. Juu ya vifungo kulikuwa na jani moja la mmea ule, lililodondoka siku nyingi zilizopita, bila udongo, bila tone la maji. Lilikuwa limesinyaa, lakini kitakoni mwake vilitoka vizizi vyembamba kama uzi, na kichipukizi kidogo kuliko kifungo. Fundi alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Mama mkwe alifika mchana. Hata viatu hakuwahi kuvua. Fundi alimweleza yote, akamwekea mkebe mbele yake. Mama mkwe akaliinamia lile jani, akaligeuza huku na huku.

"Ule wa baba yenu niliuzamisha mimi," alisema mwishowe. "Mwaka wa kwanza wa ndoa. Alisafiri, nami nikauhurumia. Niliokuachia wewe ulitoka kwenye jani lake."

"Baba alijua?"

"Hakuuliza. Aliporudi aliutazama, akasema tu: mke wangu, usiupende sana."

Akaanza kucheka, na fundi naye akashindwa kujizuia. Mama mkwe akachukua kopo la kumwagilia lililokuwa dirishani, akalitia kwenye mkoba wake, akaufunga.

"Leo ndiyo umeolewa humu ndani, mwanangu."

 Wakalilaza jani juu ya udongo mkavu, kwenye kikombe kilekile, kisha fundi akarudi kutafuta kifungo cha mteja.