Kampuni Yaulizwa Ukoo

Mwaka ule wa tisini na tano, kilima kimoja karibu na kambi ya Benaco kiliota minara mingi ya redio kuliko migomba. Wakimbizi walijaa bondeni. Juu walijaa wageni wa misaada na mashine zao, watu wakapaita Mtaa wa Mitambo. Kampuni ya mikopo kutoka Mwanza nayo ikaja kufungua tawi hapo, na mwezi wake wa pili ikabandika tangazo: anatakiwa karani mmoja, ajuaye kompyuta.

Joan wa Bukiriro alijua taipureta ya parokia, akaona kompyuta ni binamu yake tu. Aliitaka kazi ile kufa na kupona. Akiikosa, jembe la maharage linamsubiri. Lakini shangazi yake Rozalia, aliyemlea, alishasema binti yao haingii nyumba ya watu wasiojulikana. Siku ya usaili wakafika wawili, na kibuyu cha pombe ya ndizi chenye mirija, maana kwao neno zito halizungumzwi vinywa vikavu.

Meneja Bulugu akatazama kibuyu, akatazama saa.

"Shikamoo mama. Tunamsaili binti peke yake."

"Marahaba, baba. Utamsaili. Kwanza nikuulize, kampuni hii ni ya ukoo gani?"

"Kampuni haina ukoo, mama."

"Kumbe ya kuokotwa. Sasa ikitoroka, tumkamate nani shati?"

Joan alitamani sakafu immeze.

"Na majirani zake wa Mwanza wanaisemaje? Yenyewe siiulizi, itajisifu."

Bulugu akaacha kutazama saa. Mezani alikuwa na orodha ya watu ishirini waliokopa mwezi wa kwanza wakayeyuka, kila mmoja na picha yake safi na barua yenye muhuri. Kompyuta iliwakubali wote.

Akavuta mrija, akavuta tena.

"Mama, ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne. Hilo lenyewe nililisindikiza."

"Kazi ni yako. Wakopaji utawauliza hivyo hivyo."

Joan akaanza kulia. Rozalia akampa ncha ya kanga.

"Macho haya hayasomi, baba. Nitahitaji karani. Usaili wake nimeshamaliza: ni wa ukoo mzuri."

Wiki hiyo Bulugu aliandikia makao makuu kwamba tawi limepata wataalamu wawili. Kompyuta ilivishwa kitambaa alichodarizi Rozalia. Ukoo wa kampuni bado anauulizia.