Kongosho la Fundi Funguo

Fundi funguo alikuwa akipaka siagi kwenye kipande chake cha pili cha mkate pale kongosho lake lilipotoka ubavuni, likateremka kwa mguu wa meza na kwenda kukaa kwenye kiti kilicho karibu na friji. Lilikuwa na ukubwa wa kandambili ya mtoto, bapa, la rangi ya waridi iliyochujuka, na lilikuwa limelowa. Mke wa fundi alikuwa amefua mto wa kiti kile juzi tu. Akachukua taulo la jikoni, akaliomba kongosho lisogee kidogo ili alitandike chini yake. Kongosho likasogea na kushukuru.

Fundi akamaliza kupaka siagi, akauliza kama lingependa chai. Kongosho likasema halijaja kunywa chai, limekuja kuzungumza, na lingefurahi kama mtu angezima redio.

Maneno yake yalikuwa mafupi. Lilisema kazi zake humo ndani ni mbili. Ya kwanza ni kutengeneza vimeng'enya, yale maji ya kuvunjavunja chakula tumboni, na kazi hiyo halijawahi kuikosa, iwe sikukuu au msiba. Ya pili ni kutengeneza insulini, na hiyo limeishindwa. Lilikiri limeishindwa, haikuwa siri, hata kliniki wanajua. Sasa wenye nyumba hii wamefanya nini? Kazi iliyolishinda, msaidizi wake wa sindano wamemfungia kwenye friji, nyuma ya nyanya. Kazi linayoiweza wameiajiria mtu mwingine, wa kwenye kopo.

"Sikatai kusaidiwa," likasema. "Ninachokataa ni kusaidiwa nisipolemewa, halafu nikilemewa mniache peke yangu."

Mke wa fundi akasema hayo ndiyo anayoyasema yeye tangu kopo la kwanza liingie ndani. Fundi akasema anaona wote wawili wanajua kusema. Akameza kidonge chake kwa chai, akachukua mkoba wa zana, akaenda kazini.

Kopo lenyewe lililetwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye watu humwita Mkurugenzi kwa sababu hajawahi kuanza kazi yoyote kwa cheo cha chini ya hapo. Alikuwa mkurugenzi wa vichujio vya maji, kisha mkurugenzi wa magodoro yenye sumaku, na sasa ni mkurugenzi wa vidonge vya vimeng'enya kwa wenye kisukari. Kwenye kopo pamechorwa utumbo unaotabasamu. Hoja yake ilikuwa nyepesi, na hapo ndipo palipokuwa na balaa, maana hoja nyepesi haina pa kuishika. Sukari inatoka kwenye chakula, alisema. Chakula kikimeng'enywa sawasawa, sukari itakaa wapi? Fundi alitafuta mahali ambapo sukari ingekaa, akapakosa. Sindano ya insulini ikaanza kurukwa mara moja moja, kisha ikaachwa kabisa.

Kusema kweli fundi hakuhitaji kushawishiwa sana. Nesi wa kliniki, akidhani anamrahisishia mambo, aliwahi kumwambia kwamba insulini ni kama ufunguo, inafungua milango ya mwili ili sukari ipate kuingia. Fundi akajibu kwamba amechonga funguo maisha yake yote na hajaona hata mmoja unaopigwa sindano. Nesi alicheka. Fundi hakuwa anatania.

Kongosho lilipoelezwa hoja ya Mkurugenzi lilijizuia kama mtu asiyetaka kutukana mbele ya wakwe. Kisha likasema kwamba wanga ukimeng'enywa ndio huo unaogeuka sukari. Kwa hiyo vidonge vile, vikifanya kazi, vinamfikishia mzigo mapema zaidi mtu asiye na wapagazi. Visipofanya kazi, basi ni unga uliovalishwa ganda.

Mwanzoni lilikuwa likitoka baada ya chai ya asubuhi na kurudi ndani kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa kazi ni kazi. Lakini Mkurugenzi aliposikia kwamba linatoka alisema hiyo ni dalili njema, mwili umeanza kujisafisha, akaongeza dozi. Tangu hapo kongosho halikurudi tena. Lilikaa kwenye kiti chake karibu na friji, na mke wa fundi akawa analowesha taulo lake kila anapomwagilia maua. Alikuwa amepata mgonjwa wa pili wa kumtunza, na huyu angalau alisikia anachoambiwa.

Siku nyingine lilikwenda dukani na fundi, ndani ya bakuli lenye kifuniko. Duka lilikuwa kibanda cha kioo chini ya ngazi za jengo la ofisi, lenye mashine ya kuchongea na ukuta mzima wa funguo ambazo bado hazijakatwa meno. Wateja walilisalimia. Mama mmoja aliyekuja kuchongesha ufunguo wa kabati alisema nyongo ya mume wake nayo iliwahi kutoka, ikakaa nje muda mrefu, ikarudi yenyewe baridi ilipoanza. Mwingine aliuliza kama linauzwa.

Kutoka pale kaunta kongosho liliona jambo ambalo nyumbani lilikuwa halijaonekana. Fundi huyu alijulikana kwa vidole vyake. Watu waliojifungia nje walimwita yeye, kwa sababu aliingiza waya mwembamba kwenye kufuli, akafumba macho, na vidole vikamwambia pini ipi imepanda na ipi bado. Sasa hafumbi tena. Alikuwa anachungulia tundu kwa tochi, jambo ambalo miaka yote aliwacheka wenzake kwa kulifanya. Kongosho likamuuliza kama vidole vimekufa ganzi. Akasema ni baridi tu. Feni ya kaunta ilikuwa imewashwa hadi mwisho na shati lake lilikuwa limeloa mgongoni.

Jioni hiyo mke wake alimvua viatu, akakuta ufunguo ndani ya kiatu cha kushoto. Ulikuwa ufunguo wa mteja, ambao fundi aliutafuta kutwa nzima mpaka mteja akaondoka na hasira zake. Meno yake yalikuwa yamejichora kwenye wayo, na pale penye ncha ngozi ilikuwa imechanika. Fundi alikuwa ametembea juu yake tangu asubuhi. Aliufurahia, akasema afadhali umepatikana. Mke wake alikaa sakafuni na kile kiatu mkononi. Alimpenda sana mtu huyu, na angeweza kumpiga nacho.

Walikwenda kliniki wote watatu. Nesi alisafisha kidonda, akapima sukari, na mashine ikaonyesha kwamba imezidi kiwango inachoweza kusoma. Kongosho likaeleza upande wake. Nesi alilisikiliza huku akifunga bandeji, akasema wapo wagonjwa ambao kweli wanahitaji kuongezewa vimeng'enya, lakini hao wamepimwa na daktari ndiye aliyewaandikia. Huyu hakupimwa na mtu, labda shemeji yake kwa macho. Kuhusu kongosho kuwa nje alisema haibadilishi kitu. Liwe ndani, liwe nje, insulini ni ile ile na inachomwa pale pale. Fundi aliitikia kila neno. Kliniki hawajawahi kupata mwitikiaji mzuri kama yeye.

Alipofika nyumbani akasema hachomi. Kongosho, ingawa lilikuwa limechoka kwa safari, lilimuuliza kwa upole anachoogopa hasa ni nini. Fundi alikaa akizungusha kufuli bovu mkononi.

"Kaka yangu alianza sindano," akasema mwishowe. "Mwaka huo huo tukamzika."

"Alichelewa kuianza, Mzee," kongosho likasema. "Nilikusikia ulivyomlilia. Nilikuwa humo humo ndani."

Fundi akasema kachelewa au hakuchelewa, aliyezikwa kazikwa. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na mke wake, aliyekuwa amejiandaa kugomba, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kesho yake mke wa fundi aliitisha kikao cha familia. Alikuja dada mkubwa wa fundi, ambaye huendesha vikao vyote vya ukoo kwa kuwa hakuna anayethubutu kumwambia zamu yake imekwisha. Mkurugenzi naye akaja, na mkoba wake. Dada mkubwa alimsalimia kila mtu, kongosho likiwamo, akaliuliza kama limekula. Halafu akafungua kikao kwa kusema kwamba katika ukoo huu hakuna aliyewahi kugombana na kiungo chake mpaka kikahama, na kwamba aibu hii isitoke nje ya kuta hizi. Dirisha lilikuwa wazi na majirani walikuwa wameshavuta viti.

Kongosho likapewa nafasi. Lilisema yale yale, kwa ufupi zaidi, maana sasa lilikuwa limeyasema mpaka yamelainika. Likamalizia na sharti lake: mzee achome sindano yake, nalo litarudi ndani leo hii, halitaki kingine. Dada mkubwa akasema limezungumza kwa adabu.

Mkurugenzi akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mimi sina ubishi na kongosho," akasema. "Nalionea huruma. Miaka yote hiyo kazini, bila likizo. Jamani, na lenyewe lipumzike. Vidonge vipo."

Wote wakaona ni maneno ya kiungwana. Kongosho likasema halijaomba likizo. Dada mkubwa akaliambia lisilete kiburi, wapo wanaoililia. Mke wa fundi akasema, bila kupaza sauti, kwamba mume wake anapoteza vidole na miguu mbele ya macho yao, na wao wamekaa kupanga likizo. Mkurugenzi akamsihi, dada yangu, tusitangulize hasira. Mke wa fundi akamjibu mdogo wake kwamba yeye ndiye aliyembadilisha nepi, na kwamba leo kwa mara ya kwanza anajutia kazi ile.

Muafaka ulipatikana, kwa sababu kikao cha dada mkubwa hakijawahi kuisha bila muafaka. Kongosho lingekaa nje kwa heshima zote. Fundi angepandishwa daraja, atumie vidonge vya kopo la dhahabu. Insulini ingebaki kwenye friji, likitokea la kutokea. Fundi alikunywa chai yake kama mtu aliyefutiwa kesi.

Tangu siku hiyo mambo yametulia. Kila Jumapili Mkurugenzi huja kulichukua kongosho, akalipeleka kwenye ukumbi anakouzia na kuliweka mezani katikati ya makopo, juu ya taulo lake. Likiulizwa, husema ukweli mtupu: vidonge hivi havitibu kisukari, na anayechoma insulini asithubutu kuiacha kwa ajili yake. Halijawahi kupunguza hata neno. Watu husikiliza kwa makini, hupiga makofi, kisha hupanga foleni kununua, kwa kuwa hawajawahi kuona biashara inayokuja na kongosho lenyewe. Mkurugenzi anasema hajapata kuuza namna hii, hata enzi za magodoro. Kongosho hurudi nyumbani limekauka kingoni, na mke wa fundi hulilowesha bila kuuliza mambo yalikwendaje.

Jioni moja walikuwa wawili jikoni, yeye akichambua maharage, lenyewe kwenye kiti chake. Jua lilikuwa bado dirishani. Mlangoni zikasikika funguo. Kitasa kile fundi alikitia mwenyewe walipohamia, na ufunguo wake alizoea kuutambua mfukoni kwa kuugusa tu, huku mkono wa pili umebeba mkate na maziwa. Sasa ulisikika mmoja ukikwaruza, ukatolewa. Ukaja mwingine. Kishada kizima kikaanguka, kikaokotwa, zikaanza upya. Mke wa fundi akaweka bakuli chini na kujifuta mikono.

"Kaa, Mama," kongosho likasema. "Hii naiweza."

Likashuka, likapita sebuleni likiacha unyevu sakafuni, likapanda stuli iliyo nyuma ya mlango na kuzungusha kitasa. Fundi akaingia. Alilishukuru, akasema kitasa kimechakaa, atakibadilisha. Mke wake akamkalisha mezani, akamvua viatu na kuvikung'uta kimoja kimoja, kama afanyavyo siku hizi. Kutoka cha kulia ukadondoka msumari. Akauokota, akauweka mezani mbele yake. Fundi akausogeza pembeni apate pa kuweka kopo la dhahabu, akaomba maji ya kumezea.